Kodi ya Msamaha

Siku mahakama ilipomtangaza Dorotea, mama mvuvi, kuwa mufilisi na benki ikamsamehe deni, watu wa Nyamagana walimwonea huruma. Zadok aliona riziki. Mwenye nyumba wake alikuwa amemng'olea mlango wa chumba kwa sababu ya deni la pango, na suti ya mtumba, hata ikipigwa pasi namna gani, haizuii mbu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole, na hongera. Deni umesamehewa. Kodi yake umeshalipa?"

"Kodi ya nini tena?"

"Ya msamaha! Ukisamehewa, serikali inahesabu umepata. Ukipata, unakatwa. Ndiyo soko huria hilo, mama."

Dorotea akashika tama. "Jamani! Na mimi hata nyavu sina."

"Usihofu. Ofisini nina ndugu, tunakula sahani moja. Toa chochote, nikumalizie."

"Nimebaki na injini ya mtumbwi tu, iko mwaloni Kirumba, mitumbwi inapopakulia samaki. Hata mahakama iliiacha."

Mwenye akili angeuliza kwa nini mahakama iliiacha. Zadok aliuliza kama inawaka.

Mimi ninayewasimulia nilikuwa mshirika wake, na sikuuliza hata hilo. Nilishika upande mmoja wa injini nikiota mishikaki. Kwenye mfuniko palikuwa pamechorwa samaki mwekundu. "Urembo," alisema Zadok, mtaalamu wa kila kitu. Dorotea akapaza sauti mbele ya wavuvi wote: "Shuhudieni! Injini nimemkabidhi mwanangu Zadok, naye ameipokea." Zadok akawapungia mkono. Mimi nikainama kidogo, kwa heshima.

Hatujafika barabarani, akatusimamisha Machibya, wakala wa kiwanda cha samaki, mtu mpole mwenye mikono minene kama makasia.

"Karibu kazini, Zadok. Samaki huyo mwekundu ni alama yangu. Injini ni yangu, niliikopesha. Hapa mwaloni, anayeipokea mbele ya watu anapokea na deni lake. Utanivulia sangara mpaka liishe."

"Nivue? Mimi hata kuogelea sijui!"

"Basi usianguke."

Zadok akamgeukia Dorotea. Safari hii shikamoo ilimpotea. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Mahakamani walishanieleza kwamba mufilisi hatozwi kodi kwa deni alilosamehewa. Lakini hili la mwaloni hakuna hakimu wa kulifuta, na lilikuwa linaninyima usingizi. Nilikuwa namwomba Mungu aniletee mtu wa kunipokea mzigo, akakuleta wewe na tai yako. Ubarikiwe, mwanangu."

Zadok akapiga magoti kwenye magamba ya samaki, suti na yote. "Bwana Machibya, nakuomba, nisamehe hili deni!"

Machibya akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nikikusamehe, kodi yake utaitoa wapi?"

Wavuvi wakaangua kicheko. Nami nilicheka sana, mpaka nilipopewa kopo la kuchotea maji mtumbwini.