Kamati ya Kuratibu Kutetemeka

Kwa furaha isiyo na kifani, wananchi wote wa Kilosa, kuanzia Lumuma milimani hadi Ruhembe kwenye miwa, walitangaziwa kwamba ugonjwa wa Pakinsoni, ambao miaka yote ulikuwa ukitetemesha watu kiholela, sasa umekuwa rasmi. Umeundiwa kamati.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti na karani wa kamati, Jackline, aliyetoka chuo cha uhazili juzijuzi tu, na sauti ilimpanda kwa furaha mpaka mbwa wa sokoni wakaitikia. Angejizuiaje? Baba yake, Mzee Seni wa Masanze, alikuwa mwaka wa tatu mkono wa kulia unamcheza kama unapepeta mchele. Miguu inagoma mlangoni. Vidole vimekuwa vizito, kukamua ng'ombe hawezi tena. Na sasa Dokta Costancia anakuja kutoka Dar kufanya majaribio ya dawa pale Mikumi: unga wa mbegu za upupu, na wagonjwa kumi tu.

"Upupu?" Mzee Seni alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Huu huu mliokuwa mnawapaka wenzenu kwenye madawati?"

"Mbegu, baba, siyo manyoya! Na hawaahidi kukuponya. Wanataka kujua kama unasaidia."

"Mimi nataka kukamua tu, mama. Hata ng'ombe mmoja. Niandike."

Jackline akamwandika wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti wa kamati, Ndugu Makarius, alifungua kikao kwa kueleza kwamba serikali haiwezi kuwaacha watu waingie kwenye majaribio ovyo ovyo, eti kwa sababu wanaumwa. Soko huria lisieleweke vibaya.

"Binti, tusomee masharti."

Jackline akasoma. Nusu ya washiriki watapewa unga wa dawa, nusu unga unaofanana nao lakini mtupu. Itapigwa kura, na hata dokta hatajua nani kapata upi mpaka mwisho, asije akajidanganya.

"Hata dokta hajui?" Makarius alivua miwani. "Nchi haiendeshwi hivyo. Andika: viongozi wapewe wa kweli, wananchi wapewe unaofanana."

"Samahani Mwenyekiti, ila viongozi hamuumwi."

"Endelea kusoma."

Akaendelea. Washiriki wote watapelekwa Ulaya kupigwa picha ya ubongo.

Wa kwanza kuugua alikuwa mhasibu, Bwana Abeli. Kidole chake kidogo kilianza kucheza juu ya meza, taratibu, kama kinaomba ruhusa. Akafuata bwana mifugo, kisha bwana ardhi. Ugonjwa ukapanda kwa kufuata vyeo mpaka ukamfikia Mwenyekiti, ukamwingia mikono yote miwili.

"Tupo tisa," alisema Makarius, akitetemeka kwa uzalendo. "Nafasi moja tuwaachie wananchi. Sisi siyo wachoyo."

Wananchi wakaitwa kuhakikiwa. Kanuni ilikuwa fupi, Makarius kaitunga mwenyewe: inua mkono. Ukitetemeka, wewe mgonjwa. Ukitulia, umeidanganya serikali.

Mzee Seni alikaa kwenye benchi, mkono unaruka juu ya paja. Alipoitwa akauinua. Ukatulia tuli.

"Mwongo," alisema Makarius. "Atolewe."

"Mwenyekiti, huo mkono unacheza ukiwa umepumzika! Ukipewa kazi ndiyo unatulia, ndivyo ulivyo!"

"Binti, mkono unaotulia kazini ni mzima. Sisi hapa yetu inatetemekea kazini."

Nafasi ya wananchi akapewa mama mkwe wa Mwenyekiti, ambaye kweli ni mwananchi.

Jackline alilia kidogo, akapenga kamasi, akamwambia baba yake, "Mikumi tunaenda. Kama ni kufukuzwa, dokta mwenyewe atufukuze." Wakadandia lori la vitunguu.

Kamati walishafika na Landrova, wamejaza benchi za mbele kwenye ukumbi wa zahanati. Dokta Costancia, mama mfupi mwenye raba za michezo, alikaa pamoja na bwana mmoja mkimya aliyepakata mkoba mweusi.

"Yule wa mkoba ndiye mfadhili," Makarius aliwanong'oneza wenzake. "Tetemekeni!"

Wakatetemeka. Benchi zikalia. Mama mkwe alitetemeka mpaka kilemba kikamfunika macho, na bwana ardhi akaongeza mabega.

"Poleni na safari," alisema dokta. "Karibuni chai."

Jamani! Chai ilipaa. Mhasibu alimmwagia bwana mifugo, bwana mifugo akamlipa hapo hapo. Ya Makarius ilifika dirishani. Kule nyuma Mzee Seni, mkono ukimcheza pajani, alichukua kikombe chake. Mkono ukatulia. Akanywa polepole, akafuta mdomo, akakirudisha. Mkono ukaanza tena ngoma yake.

Dokta alikuwa hamtazami mwingine. Akasogea.

"Shikamoo mzee. Huo mkono tangu lini?"

"Marahaba. Mwaka wa tatu huu."

Akamtembeza, akamgeuza, akamwambia agonganishe kidole na gumba. "Huyu ni wangu. Ila mzee, kwenye kura unaweza kuangukia unga mtupu."

"Sawa tu. Nitakuwa nimeupata kwa kura, siyo kwa cheo."

Jackline aliruka, akamkumbatia dokta na raba zake.

"Na hawa wa mbele?" aliuliza bwana wa mkoba.

"Wanaumwa, ila siyo ninachotibu mimi. Nafasi zao nitawapa wagonjwa waliokatwa kwenye orodha ya karani."

"Basi nashukuru kwa lifti, dokta." Bwana akasimama. "Mimi natoka tume ya kupunguza wafanyakazi. Nilikuwa naenda Kilosa, sijui hata nianzie kwa nani. Kumbe wapo viongozi hawawezi kushika hata kikombe! Poleni sana. Mtapumzishwa."

"Mimi mzima!" Makarius aliruka, akanyoosha mkono hewani kama nguzo ya simu. "Tazama! Umetulia!"

Jackline, kwa kuwa yeye ni karani na kazi ni kazi, akasimama. "Kwa kumbukumbu, Mwenyekiti: kanuni ya kamati inasema mkono ukitulia, mhusika ameidanganya serikali."

"Ahaa," alisema bwana wa mkoba. "Mgonjwa tunampumzisha na mafao yake. Aliyeidanganya serikali anafukuzwa mikono mitupu. Chagua, ndugu."

Makarius aliutazama mkono wake kule juu. Ukaanza kutetemeka, kwa mara ya kwanza bila yeye kuusaidia.

Mzee Seni akainuka. Miguu iligoma kidogo, ikakubali. Akamletea kikombe cha chai ya moto.

"Pole, Mwenyekiti. Shika kitu. Wangu mimi huwa unatulia."

Makarius akashika. Haukutulia.