Aliyesubiri Mnadani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwalimu Xavery ametangaza jambo kubwa. Siku ya mahafali mwanafunzi mmoja atapanda jukwaani kusimulia habari ya wimbo wa zamani, kisha wimbo wenyewe utapigwa kwenye spika. Mmoja tu! Sijawahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kufuta ubao. Lakini safari hii nina Bibi Zita. Kila akipukuchua mahindi huimba "Nisubiri Mnadani", na jina lake limo humo: Zita, nisubiri mnadani. Wimbo mzima umetungwa kwa ajili ya bibi yangu! Nimenyoosha mkono kabla Mwalimu hajamaliza.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Yasmini, ambaye baba yake ana duka la vitambaa mjini, amesema wimbo huo ni wa bibi yake, Raudha, aliyekulia mji wa Katesh. Kwao huimbwa: Raudha, nisubiri mnadani. Nikamwambia labda bibi yake alikuwa anasubiri mbuzi. Akaniuliza bendi iliyoupiga ilifikaje kijijini kwetu Nambis, kwa punda? Darasa likacheka. Upande wake! Mwalimu ameamua kila mmoja amlete bibi yake Ijumaa.

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi. Nimemwomba Bibi alie kidogo kwenye ubeti wa pili. Amekataa. Eti ubeti wa pili ni wa kucheza, mtu halii miguu ikiwa kazini. Basi aseme mtunzi alimpenda hadi akakonda. Akaniuliza siku hizi shuleni tunafundishwa nini. Kisha akawa anatabasamu peke yake jikoni, na ugali ukaungua. Nimeula bila kulalamika.

Ijumaa, 12 Septemba

Bibi amefika kwa boda boda, amejifunika mashuka mawili kwa baridi. Nikampa Bibi Raudha shikamoo ya adui. Akaitikia marahaba kwa upole mno. Imenivuruga.

Mwalimu alikuwa ameupata wimbo wenyewe, umo kwenye simu. Akabonyeza. Magitaa, tarumbeta, halafu mwimbaji: Agatha, nisubiri mnadani.

Agatha!

Nilitamani kuingia chini ya dawati. Yasmini naye alitazama dari. Lakini mabibi wakaangua kicheko hadi wakashikana mikono. Bibi akasema enzi zile bendi ikifika mji wowote, vijana waliwafuata wanamuziki mchana, kabla ya dansi, wakawaomba waimbe jina la mchumba. Babu yangu Yoakimu aliwapelekea kibuyu cha maziwa. Usiku ule mji mzima wa Mbulu ukasikia Zita. Bibi Raudha akasema marehemu Farouk wake aliwaazima taa ya karabai. Yeye hakuingia dansini, baba yake asingekubali. Alisimama uani, nyuma ya ukuta, akasikia anaitwa.

Wimbo ukarudiwa. Kila bibi akaimba jina lake, wote kwa pamoja. Bibi alikuwa ameinua mkono wa kushoto, kama vile bega la Babu bado liko pale. Nimesahau kabisa kuwa tulikuwa tunashindana. Mwalimu akafuta miwani, akasema hii ndiyo habari yenyewe: Rogathe na Yasmini watasimulia pamoja.

Jumapili, 14 Septemba

Bibi ana furaha. Yasmini amenitumia salamu. Nami nilifurahi, mpaka katikati ya mahubiri.

Mwalimu alisema mmoja. Sasa tuko wawili, sitapanda jukwaani peke yangu. Na wimbo unasema Agatha!

Kule Endagikot yuko bibi mmoja aitwaye Agatha, na hana mjukuu hata mmoja shuleni kwetu. Baada ya misa nimemfuata, nikambebea kikapu hadi kwake. Nikamwuliza kama aliwahi kuambiwa na mtu amsubiri mnadani. Akasema hapana, mtu pekee aliyemsubiri ni fundi cherehani, siku nzima, na gauni halikuwa tayari.

Fundi naye ni mtu. Huenda alikuwa akishona huku anamwimbia amsubiri. Nimemwomba Bibi Agatha akumbuke vizuri, na kuanzia leo aniite mjukuu wake.