Kadi ya Matundu Manane

Jumatatu, 9 Juni

Diski ya tano haina pa kuchomekwa. Nimemulika tumbo la kompyuta kwa tochi kama daktari wa meno. Matundu manne, yote yana wapangaji.

Si kompyuta ya mchezo hii. Ndiyo ghala la ukoo, pale kona ya sebule: picha, video za harusi, na zaidi ya yote sauti ya marehemu baba mkwe. Mzee alikuwa na desturi ya kusoma gazeti kwa sauti kila asubuhi na kubishana nalo, na alijirekodi. Mama mkwe huja kila Jumapili alasiri, hukaa karibu na dirisha, nami humfungulia mumewe.

Mke wangu akauliza kwa nini nisifute video zangu za mafunzo ya kupaka rangi ukuta. Nikamweleza kwamba ghala halipunguzwi, hupanuliwa. Akasema ukuta wenyewe bado haujapakwa. Sikuona uhusiano.

Dawa ipo. Kuna kadi unaichomeka ndani ya kompyuta, nayo inaongeza matundu ya diski. Shemeji, kaka wa mke wangu, anayo ya matundu manne na hachoki kuitaja. Yangu itakuwa ya manane.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Inategemea. Nikamuuliza kadi ipi ni bora. Akasema inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. Akasema hilo nalo linategemea.

Akaweka mbili juu ya kaunta, zote za matundu manane. Ndogo, nyepesi kama kadi ya mwaliko. Na kubwa, iliyotolewa kwenye seva ya ofisi fulani, ina bati la kupoza joto mgongoni. Nilipenda kubwa papo hapo. Lakini fundi akasema kubwa ina akili zake: ikiona diski inataka kuzipanga upya, izifanye kundi moja. Kwa matumizi ya nyumbani lazima kwanza abadilishe programu yake ya ndani, ipitishe diski kama zilivyo, isijitie ubosi. Niiache mpaka wiki ijayo.

Wiki ijayo ni mbali. Nimechukua ndogo.

Jumatano, 11 Juni

Ndogo inafanya kazi vizuri mradi usiitumie.

Nimehamishia humo diski zote tano. Moja ikisoma, sawa. Zikisoma zote, moja inatoweka kama mgeni aliyesikia habari za kuosha vyombo. Nimeuliza huku na kule mpaka nikaelewa, na kwa kweli ni jambo la kuvutia: matundu ni manane lakini njia ya kwenda kwenye kompyuta ni moja, nyembamba. Diski zote zinasukumana mlangoni. Nimechora mchoro. Nimemwonyesha mke wangu. Akauliza kama diski ya baba yake imo katika huo msukumano. Nikasema kwa muda tu.

Alitazama mchoro muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudisha ndogo, nimechukua kubwa. Fundi akasisitiza nimwachie aibadilishe kwanza. Nikakataa kwa heshima. Mtu anunue kitu chenye akili kisha alipe kifanywe mjinga?

Shemeji alipita jioni. Akaitazama, akaigeuza, akauliza mbona ndefu hivyo. Nikamwambia ndivyo zilivyo kadi za wakubwa. Aliondoka bila kuitaja yake hata kidogo. Siku njema.

Ijumaa, 13 Juni

Ni ndefu kweli. Imegonga waya za umeme, ikagonga feni, mwisho ubavu wa kompyuta haufungiki. Nimeuacha wazi. Hewa ni muhimu.

Joto nalo. Lile bati ukiligusa unaondoa kidole kabla hujaamua. Ofisini kadi hizi hukaa kwenye chumba chenye baridi; sebuleni kuna mimi. Nimeazima feni ndogo ya mezani ambayo mke wangu huitumia akishona. Anashona kwa jasho. Kadi imetulia.

Jumamosi, 14 Juni

Kompyuta ikiwaka, kadi sasa inatoa ukurasa wake yenyewe, wa rangi ya buluu. Inazijua diski zote. Chini kuna machaguo matatu. La kwanza linauliza kama ningependa iziandae.

Nilikaa mbele ya neno hilo nikinywa chai. Iziandae vipi? Kwa ajili ya nini? Mtu hawezi kuishi na swali kama hilo. Nikakubali. Ikauliza kama nina hakika. Nilidhani ni adabu tu.

Ilimaliza haraka mno. Diski ni safi kabisa, kama siku zilipotoka dukani.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe alikuja, akakaa karibu na dirisha, akakunja mikono mapajani. Nikamwambia leo mashine imepumzika.

Akasema, “Mwanangu, baba yenu alikuwa akiona watu wamekaa kimya hivi, anauliza nani amevunja nini.”

Nikaeleza. Nilianza na ule mlango mwembamba, lakini nilipomtazama usoni nikaruka mpaka mwisho. Hakulia. Alisema tu kwamba alishaanza kuisahau namna mumewe alivyokuwa akikohoa kabla ya kufungua ukurasa wa michezo, ndiyo maana alikuwa akija. Nikatamani sakafu inimeze, kadi na yote.

Mke wangu akainuka, akampigia kaka yake simu. Akamwambia alete ile diski. Kumbe alimpa nakala ya sauti zote tangu siku niliponunua bisibisi ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, “Baba watoto, ungetaka kuiboresha.”

Shemeji alifika na diski ndani ya soksi. Aliichomeka kwenye kompyuta ndogo ya mke wangu, hakunisema, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee akakohoa. Akasoma utabiri wa hali ya hewa, akaliuliza gazeti, “Mvua ipi? Wewe umetoka nje?” Mama mkwe akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 16 Juni

Shemeji ameiacha diski ili niinakili. Ndiyo pekee iliyobaki. Mke wangu ameagiza nitumie matundu ya zamani, kisha kadi irudi kwa fundi. Ana haki kabisa. Nimeona kosa langu.

Ila nimefikiri. Lililoharibu ni chaguo la kwanza. Yapo la pili na la tatu, na hakuna anayejua yanafanya nini. Nimempigia shemeji kumshukuru, nikalitaja hilo kwa kupita tu. Akauliza la pili limeandikwaje hasa. Nikamsomea. Akasema anakuja, nisiguse kitu mpaka afike.

Nimemwahidi. Diski yake nimeichomeka tu kwenye kadi, ili akifika tusipoteze muda.