Mashine Iliyomharibu Otuoma

Pasiansi, Mwanza
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Kwako Shemeji Deodatus,

YAH: OMBI LA KUJA KUCHUKUA ZAWADI YAKO

Amani iwe nyumbani kwako huko Dodoma. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Najua una simu, lakini kila nikipiga uko kikaoni, na jambo lenyewe ni zito. Kwa hiyo nimeliweka kwenye karatasi na nitaikabidhi kwa basi la asubuhi.

Kwanza nakushukuru. Ulipokuja mwezi wa saba ulituona mimi na rafiki yangu Otuoma, watu wazima wenye mvi, tunacheza gemu ileile ya mpira tuliyoinunua Makoroboi mwaka 2008, kama tunavyofanya kila Jumapili baada ya ibada. Ukatuonea huruma, ukatuletea mashine mpya na gemu ya mwaka huu. Dada yako Eugenia alilia kidogo. Moyo wako ni mzuri, shemeji, lakini umeniharibia nyumba, na naomba kwa heshima zote uje kuichukua mashine yako. Sababu zangu ni hizi.

1. Mtangazaji. Yule wa gemu ya zamani anazungumza lugha ambayo Pasiansi nzima hakuna anayeijua. Muuzaji alisema ni Kireno, Otuoma anashikilia kwamba ni Kijapani. Sisi tunamwelewa kabisa. Akilivuta lile neno lake refu, tunajua mpira umegonga mwamba. Akinyamaza, tunajua mpira anao Otuoma. Miaka yote hii hajanivunjia heshima hata mara moja. Huyu mpya anazungumza Kiingereza, ninamwelewa, na anayoyasema juu ya mabeki wangu si ya kusemwa sebuleni kwa mtu.

2. Uzee. Mshambuliaji wangu wa zamani, yule ambaye nywele zake zinapenya ndani ya fulana na kutokea upande wa pili, ana miaka ishirini na mitatu tangu mwanangu Favour akiwa chekechea. Favour sasa yuko chuo, mimi nina presha, Otuoma ameng'olewa magego mawili, na yule bwana bado ana miaka ishirini na mitatu na mbio zilezile. Ukikaa naye unajisikia vizuri. Kwenye hii mpya wachezaji wanachoka, wanaumia nyama za paja, na mmoja aliniletea ujumbe kwamba hana furaha klabuni. Shemeji, mimi ni mwalimu wa kidato cha pili. Wasio na furaha ninao darasa zima kuanzia Jumatatu. Jumapili nilitaka kupumzika.

3. Kasoro. Mashine ya zamani inazo, sikatai. Haisomi diski mpaka uilaze kifudifudi na kuiwekea kamusi juu yake. Kipa wa upande wa kushoto wa runinga, ukitaka tu kupiga kona, anaanguka mwenyewe kabla hujaupiga mpira. Ndiyo maana tumejiwekea sheria: kona ya upande ule haipigwi golini. Unaurudisha mpira katikati na kumwomba mwenzako radhi. Kijana mmoja alipokuja kumposa binti wa Otuoma tulimkalisha hapo kwenye kochi, tukamweleza sheria, kisha tukamwachia kona ya kushoto. Akaipiga golini. Binti aliolewa na mwingine na wanaishi kwa amani mpaka leo. Sasa hii yako haina kasoro, na ikiwa nayo inajirekebisha yenyewe kwa intaneti na kumaliza bando lote. Jumapili ya kwanza tulikaa mpaka ndizi zikapoa mezani, kioo kinatuambia tusubiri, Otuoma amesinzia na rimoti ya kuchezea mkononi. Mabinti waliobaki tutawaoza kwa kipimo gani?

4. Otuoma mwenyewe. Hapa ndipo penye uchungu, naomba usome ukiwa umekaa.

Gemu ya zamani ni ya haki. Inamtoa mtu alivyo. Mimi ni mtu wa maamuzi, nikilikaribia goli napiga. Otuoma ni mtu wa pasi. Unamfahamu, fundi wa injini za boti, mzee wa kanisa, hana makuu. Tangu tuanze hajapiga shuti hata moja. Mpira anaupitisha kwa beki, kwa kiungo, kwa winga, na akibaki peke yake na kipa bado anatafuta wa kumpasia. Akifunga, ambalo ni jambo la nadra, ni kwa sababu ameingia golini na mpira miguuni kama mtu anayeingia kwake. Nilimfunga karibu kila Jumapili, akacheka, tukala. Habari zake nimewasimulia wanafunzi wangu kila nilipofundisha ujamaa.

Jumapili ya pili ya mashine yako, mtu huyohuyo alianzisha mpira, akapiga shuti. Kutoka katikati ya uwanja. Likaingia. Nilidhani amekosea kitufe, nikampa pole. Akapiga la pili. Yalifika manane, shemeji, na baada ya la nane alilizunguka kochi mikono juu, huku Eugenia akimpigia makofi. Ni wazi mashine ndiyo iliyomharibu. Kama imemgeuza mtu wa namna hii kwa Jumapili mbili, vijana watapona? Leo anapiga kutoka katikati, na ufunguo wa kanisa anao yeye. Naona hatari kwa usharika, kwa kata nzima ya Pasiansi, na nikilifuatilia jambo hili mpaka mwisho wake, naona hatari kwa kila boti ziwani ambayo injini yake imefungwa na mikono ile.

Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia usoni kwamba amekuwa mroho. Aliweka rimoti chini taratibu, akamshukuru Eugenia kwa chakula, akachukua kofia yake. Hajarudi, na hii itakuwa Jumapili ya nne. Kanisani ananipa mkono huku anatazama madirisha. Nacheza peke yangu, na mashine hii hata ukitaka kucheza peke yako inakutafutia mtu wa mbali usiyemjua. Mmoja alinifunga kumi, akapotea bila hata kusema kwaheri. Nimeumia, shemeji, sikufichi.

Kwa hiyo naomba: (a) uje uichukue, (b) umwandikie Otuoma kwamba kosa lilikuwa la mashine, ili arudi kuwa mtu wa pasi, (c) usimwambie dada yako kwamba nimeandika, maana yeye anasema niache utoto.

Msalimie sana Kokulinda na watoto. Mama mkwe kama bado yuko huko mpe shikamoo yangu, na yule jirani yako mwenye jogoo anayewika saa nane usiku mwambie bado namkumbuka. Eugenia angewasalimu kama angejua naandika.

Ni mimi shemeji yako, mwenye sebule,
Mwalimu Jonathan Luhende

Nyongeza: Barua hii haikuondoka na basi. Jumamosi ileile niliitoa mashine ya zamani kabatini nijifariji kidogo. Rimoti yangu sikuiona, nikachukua ya Otuoma, ile ya kijivu, ambayo sikuwahi kuishika kwa sababu ni yake. Nikafika mbele ya goli, nikabonyeza kitufe cha shuti. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Eugenia, bila kuinua macho kwenye ndizi alizokuwa anamenya, akasema kitufe hicho kilikufa wiki ileile tuliyoinunua mashine, siku Favour alipokimwagia uji. Nikamuuliza kama Otuoma anajua. Akasema Otuoma ndiye aliyemwomba asiniambie, maana ningeipeleka rimoti kwa yule fundi wa Mirongo, ambaye kitu chako akikipokea hukioni tena, na Jumapili zingepita bure.

Jana kabla ya ibada nilikwenda kwake. Niliyomwambia siyaandiki hapa. Mashine yako iache, Eugenia ameihamishia chumbani na anabishana vizuri tu na yule mtangazaji.

Sisi tuliwasha ile ya zamani. Otuoma nilimpa rimoti yangu, mimi nikachukua ya kijivu. Alinifunga sita. Kila nilipobaki na kipa aliniuliza, kwa upole wake uleule, mbona sipigi. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa pasi.