Televisheni ya Boma la Tabora

Ijulikane kwa wote, kuanzia Cheyo hadi Igunga, kwamba mwaka huu wa 1955 Tabora imepata televisheni kabla ya Dar es Salaam. Anayebisha aje kwangu. Mimi Saidi, karani mkuu wa Boma, ndiye niliyekuwa Mkurugenzi wa Picha za Hewani, cheo nilichojiombea kwa barua na kujikubalia kwa barua, taratibu zote zikafuatwa.

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikuwa na hamu ya kupandishwa cheo. Akaandika Dar es Salaam kwamba wilaya yake ina televisheni tayari, tena wananchi wanaifurahia. Akajibiwa kwamba mkaguzi anakuja na gari la moshi la Ijumaa. Bwana Shauri akanywa maji glasi tatu, akaniita.

"Saidi, televisheni tunayo?"

"Tunayo, bwana. Bado kuundwa tu."

Dionis, seremala wa Cheyo, akaunda sanduku kubwa la mninga, kioo cha dirisha mbele na kingine nyuma. Ndani tukamketisha mkewe Bertila, aliyesomeshwa na masista, ana sauti hiyo! Idhaa ya Kwanza ilimwonyesha Bertila akisoma habari. Kwa wasiopenda habari palikuwa na Idhaa ya Pili: askari aligeuza sanduku, ukatazama mgongo wa Bertila.

Lakini watu wetu na maendeleo, we acha tu. Walimpungia mkono, naye akawapungia. Mmoja akamwuliza bei ya mahindi kule Bukene, akajibiwa! Bwana Shauri akakasirika, akatoa amri, nami nikaiandika kwa wino mwekundu: lisemwalo na televisheni ni neno la Serikali, lina nguvu ya sheria, na asiyeliamini afungwe siku kumi na nne.

Siku hiyohiyo Dionis akaja kutazama kazi yake. "Mbona huyu ni mke wangu?" akasema. Akakamatwa palepale.

Jioni Bertila akanijia, macho mekundu. "Mtani, mvua imeanza. Shamba la karanga halina tuta hata moja, na mwenye shamba umemfungia. Wanangu wale nini, televisheni?"

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana unacheka, akikuvua kofia unamwachia, na ukimnunia mbele za watu umejiaibisha mwenyewe. Basi nikacheka, nikamwambia sheria ni sheria. Roho iliniuma, nakiri, lakini cheo nacho kilikuwa kitamu.

Ijumaa uwanja wa Boma ukafurika. Mkaguzi alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili anakijua kuliko tulivyoomba Mungu. Bertila akatazama karatasi niliyomwandikia, yenye habari za pamba na usafi wa vyoo. Akaikunja, akaikalia.

"Hii ni televisheni ya Serikali," akasema. "Dionis wa Cheyo ameachiwa sasa hivi. Shamba lake litalimwa na mtani wangu Saidi akishirikiana na Bwana Shauri, mpaka tuta la mwisho. Habari zimekwisha."

Vigelegele! Nikainuka kukanusha. Mzee Yahaya, fundi cherehani, akanishika kanzu. "Ala! Mzaramo, unamnunia mtani hadharani?" Nikaketi.

Mkaguzi akamgeukia Bwana Shauri, ile barua ya kujisifu mkononi. "Niambie. Hii ni televisheni, au ni mwanamke ndani ya sanduku?"

Bwana Shauri akaitazama barua, akatazama saini yake chini ya barua. "Ni televisheni," akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema, akaandika. Askari akaenda kufungua mahabusu. Akarudi na Dionis, na majembe mawili.

Leo ni siku ya nne tunalima. Mikono imenitoka malengelenge, na askari anatusimamia kama ilivyo sheria. Asubuhi Dionis alipita, akainama, akalikazia jicho moja tuta la Bwana Shauri kama anayepima ubao.

"Limepinda, bwana. Bomoa, uanze tena."

Bwana Shauri akamtazama askari. Askari akatoa ile amri mfukoni, akaisoma yote polepole, akairudisha.

Bwana Shauri akabomoa.