Jenerali na Kifuniko cha Sombe

Habari ililetwa na Guelord kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki yake. Kwa tabia hiyo, watu wa benchi la Mama Delphine, muuza chai wa mtaa wa Ruashi, walimwita Redio.

"Bamefungua kalasi," alisema. "Kalasi ya kupika. Kuna bantu ba association moya ya mu ville bamepata falanga ya kufundisha familia zenye hazina kintu, batoto bakule muzuri. Banaleta sufuria, makala ya moto, mbegu ya mboga. Lakini banaomba kintu kimoya."

"Tuvae tee-shirt yao," alisema Gérard, huku akipuliza chai.

"Hapana. Banaomba ba papa. Nusu ya banafunzi bakuwe ba papa."

Vikombe vya benchi vikawekwa chini, heshima ambayo kwa kawaida ilitolewa kwa maiti tu.

Yafaa kueleza hapa kwamba majina ya benchi lile yaligawiwa na mtu mmoja. Mukuka, mlinzi wa usiku kwenye geti la depo, alijipa mwenyewe cheo cha Jenerali siku alipopewa mabuti ya kazi, na tangu hapo akawabatiza wengine. Gérard, muuza vipuri ambaye wazazi wake walitoka Kasai, aliwahi kuongoza shule kwa muhula mmoja; akaitwa Prefe. Jina likishatoka kinywani mwa Jenerali halirudi. Hata mke wako atalizoea.

Ndiyo maana asubuhi ile Jenerali alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Kila mara mkewe Marie-Thérèse alipokwenda Pweto kuchukua samaki wakavu, yeye alirudi kutoka zamu, akafunga lango la uani, akavua mabuti na kuwapikia watoto wake. Hakuna aliyejua. Na alipika vizuri, jambo lililoifanya aibu yenyewe kuwa kubwa zaidi.

"Mwanaume kufunua sufuria," alisema kwa sauti ya mtu asiye na hatia hata moja duniani. "Siye ku nyumba yetu, papa akifunua sufuria, familia inaitwa, bakubwa banakaa kikao."

"Kwetu ni vilevile," Prefe alisema. "Papa anakaa ku meza, analalamika chumvi. Ile njo kazi yake."

"Na weye unaifanyaka muzuri," Redio alimwambia. "Hata ku barabara tunakusikia."

"Halafu," Prefe aliendelea, "hizi proje miye ninazijua. Kwanza kofia. Kisha tee-shirt. Kisha photo. Sufuria inafika wakati batoto bamesha kuoa."

"Na batatufundisha kupika nini?" Jenerali aliuliza. "Munipe kwanza nyama, njo munifundishe."

Mama Delphine alikuwa akigeuza mikate kwenye mafuta. Aliinua uma wake mrefu, na wote watatu wakauangalia.

"Nyama, nyama. Nani alisema nyama? Ku centre de santé bamepima mutoto wa Mwila, huyu jirani yangu. Mwepesi, mwepesi kabisa. Na Mwila iko na kuku. Mayai yote anauzisha, kisha analeta biskuti na sukari. Mutoto anakula biskuti, kuku anamuangalia."

Mama Delphine aligeuza mkate mwingine.

"Miye niliomba kalasi ifanyike mu lupango yangu, kule nyuma ya nyumba," aliendelea. "Madame Gaëlle wa ile association anapita asubuhi hii hii. Nisipokuwa na ba papa hata babili, inaenda avenue ingine, na mutoto wa Mwila anabaki na biskuti yake. Minyi muko batatu. Ninawapa hata nafasi ya kutupa moya."

Redio aliitazama pikipiki yake kama mtu anayeiomba ushauri.

"Jenerali?"

"Miye niko na zamu, Mama Delphine."

"Zamu iko usiku."

"Muchana ninachoka juu ya usiku."

"Prefe?"

"Miye niko na tension ya damu. Tension na moshi ya makala ya mbabula havipatane."

Ndipo Madame Gaëlle alipofika kwa miguu, binti mwenye begi begani na vumbi hadi magotini. Prefe alilichungulia begi lile.

"Kofia ziko wapi?"

"Kofia za nini, papa?"

Prefe alirudi kwenye kikombe chake, na ilionekana wazi kwamba ile kofia alikuwa ameitamani.

"Ba papa, tunaweza kuwategemea?" Gaëlle aliuliza.

Redio alijitolea kuliokoa benchi. "Madame, kupika hakuna kintu ya kufundisha. Chukua sombe, ile majani ya mihogo. Unatwanga, unatia maji, unaweka ku mbabula, unafunika, unaenda kutembea. Ukirudi, imeiva."

"Unafunika sombe mubichi?" Jenerali alisema. "Weye unataka kuua bantu? Sombe unaiacha wazi, inachemka muda murefu, ule ukali wote utoke na mvuke. Kisha njo unafunika. Kalanga unaitia mwisho mwisho, na moto unapunguza, juu inashikaka chini."

Alikuwa bado ameinua mkono akionyesha jinsi moto unavyopunguzwa, alipogundua kwamba benchi zima limemgeukia.

Prefe aliweka kikombe chini polepole. "Jenerali. Hiyo bamekufundishia ku geti gani?"

"Niliona tu. Muke yangu akipika."

"Ulikuwa wapi?"

"Ku mulango."

"Na ukali wa sombe ulifika mupaka ku mulango?"

"Ililetwa na upepo."

"Upepo," Mama Delphine alisema bila kugeuka. "Na juzi ni upepo ilikuya hapa kuniomba kalanga ya kusaga? Ulisema Marie-Thérèse amekutuma. Marie-Thérèse alikuwa Pweto."

Prefe alisimama. Alifunga kifungo cha shati, akakohoa kama siku za kusoma matokeo mbele ya wazazi.

"Bandugu. Leo siye tunatoa jina. Jenerali Kifuniko."

Mukuka alilisikia likimwingia kama buti la mguu wa mtu mwingine. Lilikuwa jina zuri, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Yeye mwenyewe asingepata bora.

Gaëlle peke yake hakucheka. "Papa, miye sikuandike mwanafunzi. Nilikuwa natafuta papa wa hapa hapa wa kufundisha ba papa bengine. Miye nikibaambia, banacheka."

"Banafunzi bako wapi sasa?" Mama Delphine aliuliza, kisha akamchukua Gaëlle kumwonyesha uwanja nyuma ya nyumba.

Hiyo ilikuwa saa ambayo benchi hutawanyika kila siku. Redio alisema abiria wanamngoja. Prefe alisema duka lake bado limefungwa. Wakaagana na Jenerali, wakaagana wao kwa wao. Kisha wote wawili wakabaki walipokuwa.

"Prefe, magazini yako."

"Ninaenda. Anza weye."

"Pikipiki yangu iko mbio, nitakupita."

Mwishowe Prefe aliondoka, akafika kwenye kona ya ukuta, akasimama kukagua kiatu chake. Redio akasogea karibu na Jenerali.

"Jenerali. Muntu akifunika sombe tangu mwanzo, mutoto anaweza kusikia mubaya?"

"Mutoto wa nani?"

"Wa muntu moya."

"Muntu moya mwenye pikipiki?"

Redio aliangalia chini. "Falonne anaenda ku soko kungali giza. Nani atapikia batoto? Banalia tumbo. Miye nilizani ni njaa, ninabaongezea ingine."

Jenerali alikuwa na jina ulimini tayari, refu na tamu, ambalo lingemfuata Redio hadi kaburini. Alilimeza.

"Iache wazi," alisema. "Ichemke sana, usiikimbize. Leo usibape ile ya jana. Kesho ukuye na sombe yako hapa, tuipike pamoja."

Nyuma yao mtu alikohoa. Prefe alikuwa amemaliza kukagua kiatu.

"Miye sina swali," alisema.

"Nani amekuuliza?"

"Ninasema tu sina. Lakini muntu akisonga bukari, na inatoka na mabonge kama mawe ya mine ya shaba, kosa iko ku unga ama ku mukono?"

Jenerali akageukia uani.

"Mama Delphine. Niko na babili."

"Nimesikia," sauti ya Mama Delphine ilijibu kutoka nyuma ya nyumba. "Na mwalimu, Madame anauliza, banafunzi bamuite nani?"

Redio na Prefe walikaa wima kwenye benchi, mikono magotini, kama wanafunzi wazuri.

Jenerali aliinama kufungua kamba za mabuti yake.

"Kifuniko," alisema.