Ombi la Hati ya Uhai kwa Gari Langu la 404

Likasi, siku ya Jumatano

Kwa Bwana Isidore,
Shefu wa Kartie yetu

Mheshimiwa Baba Shefu,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa afya, na naomba neno hilo lisomwe mara mbili, kwa kuwa mtaani, katika kartie hii, si wote wanaoliamini. Barua yako nimeipata. Unaniamuru niondoe gari langu barabarani kabla ya Jumamosi, la sivyo litabebwa na lori la wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa unyenyekevu wote unaomfaa mstaafu, nina malalamiko.

1. Unaliita gari langu "épave". Baba Shefu, épave ni gari lililokufa. Langu ni 404 ya mwaka 1967, niliyoachiwa na marehemu baba yangu, na kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiitengeneza. Kutu ya milango nimeisugua kwa mkono. Viti nimevishona upya. Taa ya kushoto inawaka, ya kulia bado inafikiria. Mgonjwa akilala hospitalini miaka kumi na tisa huku akipata nafuu kila wiki, hatumwiti maiti.

2. Wiki mbili zilizopita niliona limepona vya kutosha kutembea. Lilitoka getini vizuri, bila moshi wala kelele, likateremka mita kumi na mbili, likasimama. Nikafanya kama dereva yeyote wa nchi hii: nikakata matawi, nikayalaza barabarani mbele na nyuma ya gari, ili wenzangu wajue kuna pane, gari limeharibika. Kisha nikaingia ndani kunawa mikono, nikaketi kwenye kiti changu cha fotei, usingizi ukanichukua.

Hapo ndipo jirani yangu Mama Viviane alipopita akitoka sokoni. Wewe unajua, nami najua, kwamba kwetu matawi barabarani yana maana mbili: pane au kilio. Mama Viviane aliliona gari, refu na jeupe, limelala katikati ya matawi. Akatazama lupango langu, ua wa mstaafu mwenye presha. Akachagua kilio. Alitua beseni lake la mboga, akaanza kupiga mayowe.

3. Nilipoamka, uani palikuwa na viti hamsini, hema na kwaya nzima. Mchungaji Élysée alikuwa akihubiri kwamba marehemu alipenda mno vyuma vya dunia hii. Marehemu alikuwa dirishani akisikiliza. Mke wangu Clotilde, aliporudi kutoka kanisani, alikuta watu wanalia, akalia nao kabla hajauliza nani amekufa. Alipoambiwa, akajitupa chini. Nakiri, Baba Shefu, kwamba jambo hilo lilinigusa moyo, nikachelewa kidogo kutoka ili nimsikilize zaidi. Nilipotokea mlangoni aliinuka, akasema: "Weye Gaston, uko muzima, uko kitako mu fotei, na minye niko nakulilia mbele ya bantu." Tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila neno.

4. Marehemu akijitokeza, watu wenye adabu hurudi makwao. Hawa walikataa. Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari motoni, kwaya ilikuwa imebakiza nyimbo sita, na Mama Viviane alisema hawezi kupoteza machozi yake hivi hivi. Kwa kauli moja wakaamua kwamba aliyefariki ni gari. Walining'iniza makoti kwenye vioo vyake, wakaegemeza masufuria kwenye bampa, wakalitolea ushuhuda mpaka Jumapili jioni. Mimi nilikalishwa kwenye mkeka wa wafiwa, nikapewa pole. Nilipokea, maana nilikuwa mmoja na wao walikuwa kwaya.

5. Sasa barua yako inasema kwamba, "kwa kuwa kilio kimekwisha fanyika hadharani", gari hilo ni marehemu kisheria na haliwezi kuendelea kulala barabarani. Hapa nimeshangaa. Kama kilio kinatosha kuua, basi mimi nilifariki siku ile ile saa tano asubuhi, na barua yako umemwandikia maiti. Kama mimi nimehesabiwa hai kwa kutoka tu mlangoni, gari langu lilitoka getini kabla yangu.

Kwa sababu hizo naomba mambo machache tu. Lori lisije. Gari liandikwe kwenye orodha ya wakaaji wa lupango letu, chini ya jina langu na juu ya kuku. Lipewe pia hati ya uhai, ile ile tunayopeleka sisi wastaafu kila mwaka kuthibitisha kwamba bado tunapumua. Mimi hupewa bila shida, na asubuhi nami siwaki mara moja.

Niruhusu neno moja bila mzaha. Katika gari hilo baba alinipeleka shule siku ya kwanza. Katika gari hilo nilimleta Clotilde kutoka Kapolowe siku ya ndoa yetu, akicheka njia nzima kwa sababu mlango wake ulikuwa haufungi. Nikiliona linakatwa vipande nitaumia, na sitapona upesi. Mtume karani wako Jumamosi asubuhi, ajionee mwenyewe kwamba linaishi.

Nisalimie Mama Shefu, watoto, karani, wazee wote wa avenyu, na kwaya pia, ambayo kwa kweli iliimba vizuri.

Wako mtiifu, na bado niko,

Gaston Kazadi, mstaafu

Nyongeza: Nilimwomba Clotilde atie sahihi kama shahidi. Ameisoma barua yote kwa miwani yangu, akasema hatii sahihi mpaka niongeze jambo moja ambalo si vizuri kulificha mbele ya serikali. Injini haimo. Nilimwazima kaka yake, Elie, kwa wiki mbili mwaka 2013, na mpaka leo iko Kapolowe inasaga mahindi. Karani akitaka kusikia gari langu likiishi, afike kule kabla ya saa nne. Wanasema linanguruma vizuri sana. Sasa Clotilde ametia sahihi. Anasema lori likija Jumamosi litamkuta ameketi kwenye kiti cha mbele, na hatashuka.